Siku Shangazi Aliponyamaza

Wenzangu, kaeni vizuri niwasimulie, maana tangu niisikie habari hii akili zangu hazijanirudia sawasawa. Haikutokea kwa mlevi wala kwa mwizi. Ilitokea nyumbani kwa watu wema, watu wanaosalimia majirani na kufagia mpaka nje ya geti lao, na hilo ndilo linalonitisha.

Asubuhi katika nyumba hiyo ilikuwa na raha yake. Mama wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mnakili kwa sababu ya kazi yake, alikaa mezani karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi, kompyuta ya mpakato mbele yake, na Shangazi akisema. Aliyepita barazani alidhani ndani kuna mtu anagombana na mwenzake bila kuvuta pumzi. Hapakuwa na mtu. Mnakili alipoteza macho yote mawili kwa ugonjwa tangu usichana wake, na Shangazi lilikuwa jina la ile sauti ya programu iliyomsomea kila kitu kilichotokea kwenye kioo cha kompyuta. Akibonyeza herufi, Shangazi anaitaja. Akikosea, Shangazi anamsuta. Aliyempa jina hilo ni binti yao wa darasa la nne, aliyesema kwamba hajui mtu mwingine anayeweza kusema sana namna ile bila kuchoka isipokuwa shangazi yake wa kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: watu walimletea sauti zilizorekodiwa, za mikutano, mahojiano, mahubiri na mashauri, naye akaziandika neno kwa neno. Sikio la kushoto alilipa rekodi, la kulia akampa Shangazi, vidole vikakimbia. Alimzoeza Shangazi kusema haraka mpaka sisi wengine tukawa tunasikia mchirizo tu, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Na kwa kuwa Shangazi alitengenezwa ugenini, akawa anatamka majina ya watu wetu ovyo, Mnakili alimfundisha jina moja moja, mwaka baada ya mwaka: la mumewe, la binti, la kila mteja, la kila mtaa. Mwishowe Shangazi alitamka kama mtu aliyelelewa hapohapo.

Sasa mume. Aliuza vipuri vya baiskeli, hakunywa, hakuchelewa kurudi nyumbani, na alijua kupika. Nyinyi wenye waume wa aina nyingine mtaniuliza shida iko wapi. Shida ni kwamba alikuwa amependa kitu kimoja kupita kiasi, nacho ni mifumo endeshi huria, ile ya jamii ya Linux. Kwa asiyejua, mfumo endeshi ndio unaoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote, na hii iliyo huria hutengenezwa na watu wengi wanaoshirikiana, unaichukua bila kulipa, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua aone ndani yake na kuirekebisha. Ni kitu kizuri, sibishi. Lakini bwana huyu kilimpanda kichwani. Kila akifungua mdomo linatoka neno "bure", watu wakamwita Bwana Bure, naye akachukulia kuwa amesifiwa.

Walikuwa na chama chao, kikikutana Jumamosi alasiri katika ghala la shule, kati ya madawati mabovu. Mwanachama akiitoa kompyuta ya mtu kwenye mfumo wa kulipia na kuiwekea mfumo huria, alibandika kwenye mfuniko wake kibandiko cha ndege aliyekunjua mabawa, na Jumamosi ikifika wenzake walisimama kumpigia makofi. Makofi hayo, jamani, yana ulevi wake. Bwana Bure aliyapata mara nyingi hata ikawa hawezi kuona kompyuta ya mtu akatulia. Mwenye duka la dawa alimpa yake amtazamie betri, ikarudi na ndege. Kinyozi alimwomba ampulizie vumbi tu, ikarudi na ndege. Mtaa ulicheka na kuyazoea.

Kompyuta moja tu ilikuwa imemshinda, nayo ilikuwa mezani kwake, karibu na dirisha. Wenzake walimtania. Mwenyekiti wao, mwalimu wa hisabati, alimwuliza mbele ya wote kama anahubiri mitaani huku mkewe amemwacha gizani. Walicheka. Wakati huo hakuna aliyelifikiria neno hilo.

"Mama watoto," alimwambia mkewe asubuhi moja, "hiyo mashine yako imechoka. Inachelewa kuamka, na kila siku inakuonya kwamba mfumo wake umepitwa na wakati. Nikuwekee mwingine, bure kabisa."

Hakusema uongo. Onyo lile lilikuwepo, na Shangazi alilisoma kila siku kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

"Najua imechoka," Mnakili akajibu. "Lakini wiki ijayo nina usaili kule kituo cha redio. Mimi na Shangazi tumezoeana. Iache kwanza."

"Huu mpya una sauti nzuri kuliko huo."

"Baba watoto, nimesema iache."

Usaili huo Mnakili aliusubiri kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Miaka yote alifanya kazi palepale mezani, akiletewa rekodi na watu waliosahau kumsalimia. Sasa kituo cha redio kilitaka mtu wa kudumu wa kuandika vipindi vyake. Kila asubuhi alisikia viatu vya majirani vikienda kazini, na alitamani vyake viwe miongoni mwao. Alitaka kiti ambacho akikosekana siku moja, mtu atauliza yuko wapi. Hakuomba kingine chochote. Na bwana wetu, katika maneno yote ya mkewe, alishika neno "kwanza" na kuliacha "iache".

Jumapili, siku moja kabla ya usaili, Mnakili alikwenda kusukwa. Nyumba ilibaki na mume, flashi yenye mfumo mpya, na nia njema. Alinakili hati zote za mkewe akaziweka pembeni, katika hilo alikuwa mwangalifu. Kisha akaifuta diski yote na kuweka mfumo huria. Ulipowaka alifurahi mwenyewe, kwa jinsi ulivyowaka upesi. Akajaribu sauti kwa kucheza wimbo, sauti ikatoka safi kuliko zamani. Basi, akasema moyoni, sauti ipo.

Hapa ndipo mimi ninapochoka kabisa. Kompyuta ile ilitoka katika chuo cha wasioona, Shangazi akiwa tayari yumo. Bwana Bure hakuwahi kuona akiwekwa. Kwa hiyo mtu huyu, anayejua kuigawa diski vipande na kuiunganisha tena, aliishi na mkewe miaka yote hiyo akidhani Shangazi anakaa ndani ya spika, kwamba alikuja na mashine kama kibodi ilivyokuja nayo. Hakuwahi kumwuliza mkewe hata mara moja kazi yake anaifanyaje.

Mnakili aliporudi, kichwa kikimwuma kwa kuvutwa nywele, alikuta kompyuta imefungwa ndani ya mkoba wake. "Nimeifuta vumbi na kuichaji," mume akasema. "Usiiwashe leo. Pumzika, kesho ndiyo kazi." Alipopapasa mfuniko kidole chake kiligusa kitu kipya, kama karatasi laini. Akauliza ni nini. Mume akamjibu kwamba ni urembo tu, naye akaenda kulala akishukuru kuwa na mume anayejali.

Chumba cha usaili kilinuka vanishi, na feni ilikuwa ikigonga kitu kila inapozunguka. Waombaji walikuwa watatu. Msimamizi, mama mwenye sauti ya upole, alieleza kwamba kila mtu atapewa rekodi ileile na muda uleule. Mnakili aliruhusiwa kutumia mashine yake mwenyewe kwa kuwa za kituo hazikuwa na programu ya kumsomea. Mumewe alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, akingojea asikie mkewe akishangilia.

Mnakili akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakunja mikono kungojea Shangazi ampokee.

Kimya.

Akangojea zaidi. Labda mashine imechelewa, kama kawaida yake. Akabonyeza kitufe cha kuongeza sauti, mara nyingi. Akachomeka hedifoni, akazichomoa, akazichomeka tena. Akainamisha sikio mpaka likagusa kibodi. Kwa muda mfupi alidhani masikio nayo yamemwacha, na hofu iliyomwingia hapo, alinieleza baadaye, hakuwahi kuipata tangu siku macho yalipozimika. Kisha akaisikia feni ikigonga, akajua masikio yapo.

"Samahani," akasema, "kuna mtu anaweza kuniambia kama imewaka?"

"Imewaka vizuri, dada," akajibu mwombaji aliyekaa karibu naye. "Kuna picha kubwa ya ndege, kama huyu aliyebandikwa kwenye mfuniko. Inapendeza."

"Ndege gani?"

Msimamizi alisogea. "Bonyeza hapo katikati, mama. Hapo penye alama ya bluu."

"Hapo wapi, mama yangu?"

Hapo msimamizi akaona alichokisema. Akaamuru mume aitwe. Bwana Bure akaingia akitabasamu, na neno lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa, "Umeiona? Nilitaka iwe zawadi."

"Shangazi hasemi," Mnakili akamwambia taratibu. "Umeifanya nini?"

"Nimekuwekea mfumo mpya. Ule mzuri. Sauti ipo, mama watoto, nimeijaribu mwenyewe. Sikiliza." Akainama, akabonyeza mara mbili, na muziki wa dansi ukafoka katika chumba kile cha usaili, ngoma na magita, mbele ya watu waliokaa na kalamu zao mkononi. Mtu mmoja alicheka kisha akajizuia. Bwana Bure alisimama hapo akingoja ashukuriwe. Ilimchukua muda kuuona uso wa mkewe.

"Huo ni wimbo," Mnakili akasema. "Mimi nauliza Shangazi yuko wapi."

"Si yumo humohumo ndani ya mashine?"

"Alikuwa ndani ya ule mfumo ulioufuta."

Yule bwana akaegemea ukuta. Wote waliokuwepo walishikwa na bumbuwazi, hata msimamizi, ambaye alirudia kusema "jamani, jamani" kwa sauti ya chini. Walitaka kumsaidia, lakini muda ulikuwa umepangwa na wenzake wawili walikuwa wameshaanza kuandika. Wakamhamishia kwenye mashine ya kituo, nayo ilikuwa bubu vilevile. Mnakili alikaa mbele yake wima, mikono mapajani, akiwasikiliza wenzake wakigonga vitufe mpaka muda ukaisha. Kazi ilichukuliwa na yule dada aliyemwambia habari za ndege.

Nyumbani hapakukalika. Binti alirudi kutoka shuleni akakuta kimya, akauliza, "Mama, Shangazi amekwenda wapi?" Mume alilia, ndiyo, mbele ya mtoto. Akasema hati zote zipo salama. Mnakili akamwuliza kama na majina yapo, yale aliyomfundisha Shangazi kutamka. Hayakuwepo. Yalikaa ndani kabisa ya programu, mahali ambapo mtu asiyeuliza hawezi kujua kwamba kuna kitu cha kuokoa.

"Nitaurudisha ule mfumo wa zamani leo hii," mume akasema, akanyoosha mkono kuichukua kompyuta.

"Usiiguse."

"Nataka kurekebisha tu."

"Hata jana ulitaka kurekebisha," Mnakili akasema. "Ungekuwa umeniletea mfumo mbovu tu ningekuelewa, ningesema umekosea kuchagua. Wewe ulikosea kunichagulia. Niliposema iache, ulimsikia nani akisema?"

Mume akaurudisha mkono. Kwa siku zilizofuata aliingia na kutoka kama mgeni aliyekosa mahali pa kuweka mkoba.

Jumamosi Mnakili alichukua fimbo yake na kompyuta, akamwambia mumewe amwongoze mpaka ghalani. Wanachama walimpisha walipomwona, habari ilikwishafika. Alikaa kwenye dawati moja, akaiweka kompyuta mbele yao, ndege juu.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nina swali moja. Mfumo wenu huu, unaweza kusoma kwa sauti?"

Wakatazamana. Hawa ni watu waliousifu mfumo huo miaka nenda rudi. Walijua rangi zake, kasi yake, historia yake, na namna ya kuubadilisha sura ufanane na mingine. Swali hilo lilipita kwao wote likakosa pa kutua. Mmoja akasema nadhani. Mwingine akasema labda ipo programu ya kuongezea. Mwenyekiti, mwalimu wa hisabati, alikiri mwenyewe: "Mama, sijawahi kuuliza."

"Basi uliza sasa. Mimi nipo, sina haraka."

Wakafungua maelezo ya mfumo, yale ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameyasoma. Mwenyekiti alisoma kwa sauti ili Mnakili asikie. Haikuchukua muda. Alifika mahali akasita, akarudia kusoma moyoni, kisha akainua macho akamtazama Bwana Bure badala ya kuendelea.

"Soma," Mnakili akasema.

"Inasema kisoma skrini kimo tayari. Kinakuja pamoja na mfumo. Kinawashwa kwa vitufe vitatu."

"Nionyesheni vidole vyangu viende wapi."

Akavibonyeza mwenyewe. Sauti ikatoka, nyembamba, ya kigeni kidogo, lakini inasema Kiswahili: kisoma skrini kimewashwa. Kisha ikataja jina la kila kitu alichokigusa.

Bwana Bure alikaa chini palepale sakafuni. Mlielewe vizuri jambo hili, wenzangu, kwa sababu mimi bado linaninyima usingizi. Siku ile, mezani pale, chini ya ile feni, sauti ilikuwa imo. Mnakili alikuwa ameviwekea mikono vitufe vile vitatu. Katika nyumba yake na katika chama kizima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua, na kwa kutojua kwao akaikosa kazi aliyoisubiri miaka yote.

"Ningeweza kujaribu kwanza kwa flashi, bila kufuta chochote," mume akasema. "Mfumo huu unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi. Tungekaa pamoja Jumapili tukajaribu. Ningeona kwamba Shangazi hasemi, tungetafuta pamoja."

"Ungeweza," Mnakili akasema.

Hakuamua siku hiyo. Alikaa na mfumo ule wiki kadhaa akiupima kwa kazi za kweli, akiandika rekodi zilezile za wateja. Mwanzoni ulimchelewesha, akaulaani mara nyingi. Baadaye akaona kompyuta yake ile iliyochoka inaamka upesi, kwamba lile onyo la kila asubuhi halipo tena, na kwamba sauti hii nayo inakubali kufundishwa majina. Kuurudisha ule wa zamani lilikuwa jambo linalowezekana, mwenyekiti alijitolea kulifanya. Mnakili alikataa. Akaubakiza mfumo huria, kwa sababu zake mwenyewe, akaweka nenosiri ambalo mumewe halijui.

Chama kiliacha makofi. Siku hizi mtu akileta kompyuta ghalani huulizwa siku yake huendaje, anafanya kazi gani, anatumia nini, na asipokuwepo mwenyewe mashine hairuhusiwi kufunguliwa. Yule binti alitaka sauti mpya iitwe Shangazi vilevile, mama yake akamkatalia. Alisema Shangazi hakuaga, na huyu ni mgeni, basi aitwe Mgeni mpaka watakapozoeana.

Asubuhi ukipita barazani pao utamsikia Mgeni akisema, na mwendo wake umeanza kukaribia ule wa zamani. Majina karibu yote ameshafundishwa upya. Limebaki moja tu, la baba wa nyumba. Kila likitokea kwenye maandishi Mgeni analivuruga, na mwenyewe akiwa jikoni analisikia linavyovurugwa, anainamisha kichwa anaendelea kuosha vyombo. Kulirekebisha ni kazi ya dakika moja. Mnakili bado hajalirekebisha.

Funzo

Ndugu zangu, mfumo endeshi huria ni neema kwa mtu wa kawaida, na kama una kompyuta inayozeeka, nenda kauangalie bila woga. Lakini uchague kwa kuanzia na maisha ya yule atakayeutumia. Muulize anafanya nini na mashine yake, umtazame akifanya, kisha mjaribu pamoja kwa flashi kabla ya kufuta hata kitu kimoja. Mkihifadhi vitu vyake, yeye ndiye aseme ni vipi vya kuhifadhiwa. Usidhani kitu kipo kwa sababu wewe umekisikia, wala kwamba hakipo kwa sababu hujawahi kukihitaji.

Na hili la mwisho si la kompyuta peke yake. Kuna watu wengi majumbani mwetu wanaofanyiwa mema ambayo hawakuyaomba, na waliyoyaomba hayasikilizwi. Mke akisema iache, mtoto akisema sitaki, mzazi akisema kwanza nieleze, tuwasikilize neno lote mpaka mwisho. Bwana Bure alimpenda mkewe, hilo halina ubishi, na kwa mapenzi hayohayo alimzimia sauti iliyokuwa macho yake.